Jubilii za makanisa: tunamsherehekea nani?

Jumapili moja hivi karibuni tuliamka saa kumi alfajiri, mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi, tukajitengeneza kwenda kijijini kwa ajili ya jubilii ya kanisa letu. Kanisa hilo limetimiza miaka 75. Sitalitaja jina lake wala la kasisi wake, kwa sababu sikukusudia kumvunjia mtu heshima. Na pia kwa sababu, ndugu msomaji, ukiyasoma haya hadi mwisho huenda ukadhani ni kanisa lenu ninalolisema.

Mama ana miaka 88. Alikuwa kwetu Changamwe tangu mwezi uliotangulia kwa matibabu ya macho, na katika siku zote hizo hakuwa na mazungumzo mengine ila jubilii. Kitambaa chake cha kichwa cha Umoja wa Akina Mama alikifua mwenyewe na kukipiga pasi mwenyewe, akakataa hata kusaidiwa kukikunja. Wajukuu walipomuuliza kuna nini huko cha kumkosesha usingizi, aliwajibu, "Naenda kuliangalia jengo langu." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, na sasa najuta.

Tulishuka Mazeras kwa matatu, tukakodi gari dogo la kutupandisha kilimani. Njiani tuliwapita watu wengi wakienda kwa miguu, akina mama katika sare ya kitenge kipya kilichochapishwa picha ya kanisa, watoto wamepakwa mafuta wakang'aa. Ilikuwa furaha ya kweli. Mtu asije akasema baadaye kwamba mimi ni adui wa sherehe. Watu wetu siku hizi hawana nafasi nyingi za kukutana bila jeneza kuwa katikati yao, na sherehe kama hii humrudisha nyumbani hata yule aliyeapa harudi tena. Nilionana na mwenzangu wa darasani ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu tulipomaliza darasa la saba mwaka 1982. Tulikumbatiana kama watoto.

VITI

Lakini tulipofika uwanjani niliona mahema matatu, nikajua mambo yatakavyokuwa. Hema la kwanza lilikuwa jeupe, limezungushiwa vitambaa vya zambarau, na viti vyake vimevikwa nguo kama maharusi. Mbele yake zilipangwa meza ndogo zenye maua na chupa za maji. Hema la pili lilikuwa la viti vya plastiki, mahali pa kwaya na watu wenye sare. La tatu, kule nyuma karibu na majiko ya pilau, lilikuwa na mabenchi ya shule, na moshi wote ulikuwa ukielekea huko.

Mama hakuwa na habari za mahema. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa kanisa, akaugusa ukuta kwa kiganja kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake, kisha akaketi katika kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha hema la kwanza. Kijana mmoja mwenye utepe kifuani akaja mbio. Hakuwa na ufidhuli, namshuhudia hilo. Aliinama akamshika mkono. "Shikamoo nyanya. Hapa ni pa wageni waalikwa. Njoo nikuonyeshe mahali pazuri." Mama akaitikia marahaba, akanyanyuka. Mahali pazuri palikuwa lile benchi la moshi. Macho yake hayawezi moshi, kwa hiyo haukupita muda tukamhamishia chini ya mwembe, hatua hamsini hivi kutoka penye kipaza sauti, na huko ndiko alikoisikilizia jubilii yake.

Utaniuliza, nawe mwanawe ulikuwa wapi? Nilikuwapo. Niliona haya kufanya fujo mbele za watu, siku ya sherehe, kwa sababu ya kiti. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda: kila mtu huona haya kwa zamu yake, na desturi ikaota mizizi.

Ibada ilitangazwa kuanza saa tatu. Mgeni wa heshima, mheshimiwa mmoja wa siasa, alifika saa sita kasoro robo. Katikati ya saa hizo mbili kwaya ziliimba zote, zikarudia, vijana wa ngoma na tarumbeta wakapita mbele yetu mara tatu, na kasisi akaomba sala ambayo nadhani aliirefusha kusudi, maskini. Hata hivyo ibada yenyewe ilipoanza ilikuwa nzuri. Mama aliimba nyimbo zote bila kitabu, na wakati wa Meza ya Bwana mzee mmoja wa kanisa alimkumbuka, akamleta kasisi na kikombe hadi pale chini ya mwembe. Haki ya mtu isipotee.

Baada ya ibada ndipo ilipokuja ile inayoitwa sehemu ya pili, na hapo ndipo nilipotoa saa yangu nikaanza kuhesabu. Kusoma majina ya waliochanga, na kila mtu na kiasi chake, kulichukua saa moja na dakika kumi. Wa laki walisomwa kwanza na kupigiwa makofi. Wa elfu hamsini wakafuata, nao wakapigiwa makofi. Tulipofika kwa wa mia tano sauti ya msomaji ilikuwa imechoka, akawa anasema tu, "na wengineo." Kisha ukaja mnada. Jogoo mmoja aliuzwa shilingi 15,000, mnunuzi akamrudisha kwa moyo mkunjufu, akauzwa tena 12,000, akarudishwa, na mara ya tatu akauzwa 20,000 akapewa mgeni wa heshima, ambaye alimkabidhi dereva wake. Sijapata kuona kuku aliyefanya kazi ngumu ya Injili kama yule.

Historia ya kanisa ilisomwa dakika nne.

KITABU

Kulikuwa pia na kitabu cha ukumbusho, chenye picha za rangi, kurasa 48, bei yake shilingi 300. Nilinunua viwili. Kurasa za mwanzo ni salamu za wakubwa, kila mmoja na picha yake. Kurasa za mwisho ni matangazo ya wenye maduka na wenye magari. Katikati, ukurasa mmoja na nusu, ndiyo historia. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikairudia, na nikashikwa na jambo ambalo mwalimu wangu wa Kiswahili angelifurahia.

Lugha yetu ina uhodari mkubwa katika vitenzi. Ukitaka kumtaja mtenda utamtaja, na ukitaka kumficha utamficha bila kusema uongo hata kidogo. Mwandishi wa historia ile alisema kwamba mwaka 1950 "kiwanja kilipatikana." Akaendelea kwamba "mawe yalichimbwa, maji yakaletwa, jengo likajengwa, na likafunguliwa rasmi na" — hapo sasa, msomaji, jina likatokea, jina kamili na cheo chake! Aliyefungua mlango ametajwa. Waliojenga ukuta wa kuutilia mlango huo wamemezwa na kauli ya kutendwa.

Nilikwenda kwa mama chini ya mwembe, nikamsomea kwa kuwa macho yake hayasomi tena. Nilipofika "kiwanja kilipatikana" akanizuia kwa mkono.

"Kilipatikana wapi? Kilikuwa kimepotea?"

Halafu akaanza kusema, na binti yangu mkubwa, ambaye yuko chuo kikuu na ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga picha za kwaya, akaketi chini kwenye nyasi na kuelekeza simu yake kwa nyanya yake.

Kiwanja kilikuwa shamba la baba yake mama, yaani babu yangu. Hakukiuza. Alikitoa mbele ya wazee, kwa sharti moja tu kwamba makaburi ya jamaa yaliyokuwa pembezoni yasiguswe. Wanaume wengi wakati huo walikuwa Mombasa wakibeba mizigo bandarini Kilindini, wakirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kazi ya kila siku ilikuwa ya wanawake na wasichana. Mama alikuwa na umri wa miaka 13. Maji ya kuchanganyia chokaa yalitoka kisimani bondeni, na kila msichana alipewa hesabu ya madebe sita kwa siku, kichwani, kabla ya jua kuwa kali. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni. Chokaa kilichomwa palepale, katika tanuu la kuni, na waliolinda moto ule usiku walikuwa wajane wawili ambao mama anawajua kwa majina na koo zao. Fundi muashi alikuwa Mwislamu kutoka Mombasa. Kila Alhamisi jioni aliteremka mjini kwa ajili ya sala ya Ijumaa, Jumamosi akarudi kujenga kanisa. Alikula mhogo pamoja nao, na alipomaliza kuweka jiwe la mwisho juu ya dirisha la madhabahu hakutaka ujira wa siku ile.

Hakuna hata moja la haya lililomo katika zile kurasa 48. Niliangalia. Ukurasa wa 31 una tangazo la matairi.

KENGELENI NA RABAI

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa kijiji kimoja. Sisi watu wa vilima hivi tunaishi karibu na mahali ambapo Ukristo wa Kenya ya leo ulipigia hema lake, na hata historia ile kubwa tumezoea kuisimulia kwa namna hiyohiyo. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, kwamba mkewe na mtoto wao mchanga walifariki mwaka huohuo, na kwamba mwaka 1846, akiwa na mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha misheni Rabai. Yote ni kweli, na kaburi la yule mama kule upande wa Nyali linastahili heshima yake.

Lakini ni wangapi wanaojua habari za Mringe? Huyu alikuwa mtu wa huku, kiwete, ambaye ndiye wa kwanza kubatizwa na wale wamisionari, naye akafa muda mfupi baadaye. Kwa miaka mingi hesabu ya waumini wao ilikuwa ya vidole vya mkono, na cha kwanza katika vidole hivyo kilikuwa mtu ambaye watu wa siku zake walimhesabu si kitu. Na ni wangapi wanaojua kwamba Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka huohuo wa 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhidini? Nilipomsikia mama akimtaja yule fundi wa Ijumaa na Jumamosi, nilimkumbuka kadhi huyo.

Kisha kuna Freretown. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, wamisionari walianzisha, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Mombasa, kijiji cha watu waliookolewa utumwani. Wengine waliletwa kutoka India, walikokuwa wamesomeshwa Nasik karibu na Bombay baada ya kuokolewa baharini. Kengele yao ingali pale njia panda ya barabara ya Malindi na ya Nyali, nayo ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari ya wateka watumwa inapokaribia. Mtaa mzima unaitwa Kengeleni. Maelfu ya watu hushuka matatu hapo kila siku wakisema "shukisha Kengeleni," na katika mia moja sijui kama watano wanaweza kukwambia kengele ya nani.

William Jones alikuwa mmoja wa hao wa Nasik. Mtoto aliyeuzwa, akaokolewa, akasomeshwa ng'ambo, akarudi kufanya kazi Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa yeye na mwenzake Ishmael Semler daraja la ushemasi. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda. Hannington akauawa Busoga mwezi Oktoba, na Jones ndiye aliyewarejesha pwani wapagazi waliosalia, mamia ya maili kwa miguu, wenye njaa na huzuni. Askofu ana sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa. Jones je? Kule Rabai watumwa watoro walikuwa wakikimbilia misheni kwa wingi hivi kwamba mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ililazimika kuwalipa mabwana wao fidia, watoro zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru wao. Hao elfu na zaidi ndio walikuwa kanisa. Ndio walioimba, waliolima, waliozika na kuzikwa. Wajukuu wao tunao, tunapanda nao matatu, na wengine wao hawajui.

Siwalaumu wamisionari kwa hili. Wao waliandika shajara na barua zao, na aliyeandika ndiye anayesomwa. Nalaumu sisi wa leo, tulio na kalamu, na mashine za kuchapa, na simu za kunasa sauti mfukoni, tunaokaa katika kamati mwaka mzima tukichagua rangi ya kitenge.

MABATI

Sasa nitamleta mweka hazina, kwa sababu si haki kusema mtu akiwa hayupo. Wakati wa chakula nilijikuta nimekaa naye, mtu mpole, mwalimu mstaafu, shati limelowa jasho, maana tangu alfajiri hakuwa ameketi. Nilimweleza yaliyokuwa moyoni mwangu. Akanisikiliza akitafuna, kisha akasema:

"Ndugu yangu, paa linavuja. Ulipokuwa mjini mwaka mzima, sisi tulikuwa tukisali na ndoo. Mabati yanataka pesa, na mbao za kenchi zimeliwa na mchwa. Zile sadaka zetu za kila Jumapili haziwezi. Yule mheshimiwa ametoa kwa siku moja kuliko tunachopata kwa mwaka. Nikimketisha kwenye benchi la moshi, atarudi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa nasema kwamba maneno yake ni ya kweli. Ni rahisi mtu wa mjini kuhubiri habari za yule mjane wa Injili na senti zake mbili, ilhali si yeye anayepanga ndoo. Harambee si jambo la kudharau. Tangu mwaka 1963 nchi hii imejenga shule, zahanati na makanisa mengi kwa njia hiyo, na katika asili yake harambee ndiyo hasa yale madebe sita ya mama yangu, kila mtu na mzigo wake kichwani.

Lakini kuna mahali tulipoteleza, na wakubwa wa makanisa wenyewe wameliona. Mwezi Septemba 2021 huko Butere, siku ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ndani ya ibada. Mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais wa nchi na kusema fedha zirudishwe. Mambo hayo yalizungumzwa sana, wengine wakisifu, wengine wakiuliza mabati yatatoka wapi. Nakiri kwamba katika kijiji chetu marufuku hayo yalifika yakiwa yamechoka. Mheshimiwa hakuhutubia wakati wa ibada, alihutubia wakati wa sehemu ya pili, dakika arobaini.

Mimi siombi mheshimiwa afukuzwe. Atoe, na ashukuriwe. Ninachouliza ni kwa nini shukrani ya mabati ichukue saa moja na dakika kumi na shukrani ya kuta ikose hata dakika. Mtu anayetoa laki kutoka katika mali nyingi na msichana aliyetoa shingo yake, yupi ametoa zaidi? Na ikiwa kamati inaweza kuandika barua thelathini za kuwaalika wageni, je, haiwezi kuwatuma vijana wawili wa shule ya Jumapili, daftari mkononi, wapite nyumba kwa nyumba waulize nani yu hai aliyebeba maji? Kazi hiyo ni ya siku tatu. Mama anasema wamebaki wanne. Mwaka jana walikuwa saba.

MPAKA

Hapo nilidhani mazungumzo yetu yamekwisha, lakini mweka hazina alikuwa na huzuni nyingine. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyuma ya makaburi kuna jirani ambaye wanawe wameanza kusimamisha nguzo za ua, nao wanasema ardhi ile ni yao. Kanisa halina hati. Lina barua moja ya zamani iliyoliwa na mende, inayotaja mkanju, mbuyu na jiwe. Mkanju ulikwisha anguka. Mbuyu uko, lakini hata jirani anaudai. Na lile jiwe hakuna anayelijua. Wamekwenda ofisi ya ardhi mara mbili, wakaambiwa walete shahidi anayeujua mpaka wa asili.

"Nasi," akasema, "shahidi tutamtoa wapi? Wazee wote wa zamani wamekufa."

Nilimtazama, nikamwonyesha kwa kidole ule mwembe.

Sikulipanga jambo hili ili lifae makala yangu, na lau lingekuwa limetungwa ningelitunga la kuaminika zaidi. Kwa mwaka mzima kamati ile ilikuwa imekutana kila wiki mbili. Ajenda ya kwanza ilikuwa jubilii, ajenda ya pili mpaka. Hakuna aliyewaza kwamba ajenda hizo mbili zina jibu moja, na kwamba jibu hilo lilikuwa hai, lina meno manne, na asubuhi ile lilikuwa limenyanyuliwa kitini kwa adabu.

Wapo watakaosema kwamba kuwakumbuka wazee ni mapambo, jambo la kupendeza ukilipatia nafasi baada ya mambo ya maana. Nawaomba watazame makanisa, misikiti na shule zetu katika jimbo hili la Pwani, ambako habari za ardhi zimewatoa watu machozi kizazi baada ya kizazi, waone ni ngapi zinazosimama juu ya neno la mzee mmoja aliyesema "chukueni hapa mpaka pale." Aliyetoa amekufa. Waliosikia wanakufa. Kitabu cha ukumbusho kinasema "kilipatikana." Siku ya kesi, neno "kilipatikana" litasimama kizimbani liseme nini?

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Safari hii hakukuwa na hema wala ngoma. Alikuwako kasisi, mweka hazina, wazee wawili wa mtaa, yule jirani pamoja na wanawe, ambao walisalimu vizuri lakini wakasimama mbali kidogo, na binti yangu na simu yake. Mama alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega la mjukuu kwa mkono mwingine. Alituambia tusimwongoze. Alianzia mlangoni pa kanisa, akauweka mgongo wake ukutani, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti, si kwa hatua, bali kwa majina ya wenzake, kama walivyokuwa wakipangana mstari kupokezana madebe: huyu wa ukoo fulani, huyu binti ya fulani, huyu aliyeolewa Ribe, huyu aliyekufa kwa uzazi. Kasisi alikuwa akiandika upesi upesi. Kwenye jina la kumi na tisa mama alisimama, akapiga chini kwa fimbo, pakalia jiwe.

Wana wa jirani waliondoa majani kwa panga. Lilikuwa jiwe pana, limezama nusu, na upande mmoja bado lina ganda la chokaa cheupe, kigumu kama mfupa. Jirani aliinama akalitazama kwa muda, hakusema kitu. Mweka hazina aliuliza kama ana hakika kwamba ndilo.

"Hapa ndipo tulipokuwa tukitua madebe tupumzike," mama akasema. "Baba alilikalia siku aliyotoa shamba." Kisha akaomba kiti, na yule kijana wa utepe, ambaye kumbe ni mtoto wa mweka hazina, akakimbia kanisani kukileta.